Mistari Sita ya Vanila

Jumatatu, 4 Juni

Ua la kwanza limefunguka leo, mstari wa pili, mti wa nne kutoka mferejini. Nililikuta saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na rangi yake ile ya kijani iliyoshindwa kuwa njano, nikalifungisha hapohapo. Neno ni la mama mkwe. Kazi hii yeye huiita kufungisha ndoa, na tangu nilipoolewa humu sijasikia mtu wa nyumba hii akiiita vinginevyo.

Naandika kila siku mwaka huu ili nisibishane tena na mtu kuhusu tarehe. Mwaka jana tulibishana wiki nzima ua la kwanza lilifunguka lini, mpaka mama mkwe akatunyima chai.

Kwa atakayeokota daftari hili na hajui kazi yetu: ua la vanila hufunguka alfajiri, na ikifika adhuhuri limeshajifunga, basi. Ndani yake dume na jike wanakaa chumba kimoja na pazia katikati, na huku kwetu hakuna mdudu wa kuwavusha. Kwa hiyo mtu anachukua kijiti chembamba, anainua pazia, anabonyeza chavua kwa kidole gumba, anakwenda kwenye ua lingine. Ua likishika, linanyauka huku limeng'ang'ania kikonyo, na baada ya miezi tisa una ganda mkononi. Lisiposhika linadondoka kesho yake au keshokutwa. Halijui kusamehe.

Mistari ni kumi na miwili. Sita yangu, sita ya wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Mama mkwe aliigawa mwaka tuliomzika mwanawe, na sharti alilitoa akiwa bado na kanga ya msiba mabegani: "Atakayeshindwa kuihudumia, mistari yake inakwenda kwa mwenzake. Na sitaki kuliliwa." Tukaitikia sote wawili.

Jumanne, 5 Juni

Maua saba. Ukungu.

Jumatano, 6 Juni

Maua tisa. Ukungu, na manyunyu kidogo saa mbili.

Sasa niseme ukweli, maana daftari halina mdomo. Ukungu ninaouandika si wa nje. Nje kumekucha vizuri tu, jua mpaka unatafuta kivuli. Jicho la kulia liliingia wingu tangu Februari, na la kushoto limeanza kumfuata mwenzake. Ua naliona. Pazia la ndani silioni. Nainua kwa kukumbuka, miaka ishirini na minane ya kuinua, vidole vinajua njia.

Mwanangu hajui kiasi hiki. Yeye ni fundi umeme mjini, anakaa ghorofa ya nne. Machi alipokuja aliniona namimina chai nje ya kikombe, akasema: "Mama, mwisho wa Juni nakuja mwenyewe kuangalia shamba. Nikikuta unaweza, sitakugusa. Nikikuta huwezi, tunafunga mizigo." Nyumbani kwake nilishakaa wiki moja. Nilimwagilia maji ua la plastiki la mkwe wangu siku tatu kabla huyo binti hajajikaza akaniambia. Mimi sirudi kule kukaa kwenye kochi na kuulizwa kama nimekula.

Ijumaa, 8 Juni

Ya Jumanne yalikuwa saba, matano yako chini. Nimeyaokota kwa kupapasa. Ya Jumatano sijayagusa, naogopa kuyagusa. Nadhani ni yale manyunyu.

Jumamosi, 9 Juni

Maua kumi na moja mapya. Ya Jumatano yameanguka yote tisa.

Wifi alipita na ndoo yake kwenye njia ya katikati, ile inayotenga mistari yangu na yake. Ni mtu wa maneno machache. Alirudi kwa mama yake miaka sita iliyopita na sanduku moja na cherehani, mumewe alipoleta mke mwingine, na tangu hapo akizungumza ni kuuliza tu. Kazi ya vanila nilimfundisha mimi.

"Wifi, yako yanashika?"

"Yanashika. Kwani yako?"

"Yanashika."

Akasimama muda mrefu kidogo kuliko anavyohitaji kusimama mtu mwenye ndoo ya maji, kisha akaenda. Nimeanza kujiuliza anahesabu nini. Mtu mwenye mistari sita akisubiri kidogo tu, anaweza kupata kumi na miwili.

Jumatatu, 11 Juni

Leo tena. Alikuja mpaka ukingoni mwa mstari wangu wa kwanza, akainamisha kichwa anaangalia chini. Pale chini yalikuwa maua manne yaliyodondoka. Nikayakanyaga, kawaida tu, kama mtu anayehama mguu uliochoka, nikasimama juu yake mpaka akaondoka. Tulizungumza habari za sabuni.

Kila siku saa nne naacha shamba nakwenda kumwogesha mama mkwe na kumlisha uji. Miguu yake imekataa lakini ulimi uko palepale. Leo aliniambia maji ya kuoga yana joto la kunyonyolea kuku.

Jumanne, 12 Juni

Maua kumi na tisa. Sijalala vizuri.

Jumatano, 13 Juni

Ya Jumatatu hayajaanguka. Nimepita mti kwa mti nikipapasa vikonyo, na ua lilipo lipo, limenyauka na limeshikilia. Nimerudia mara mbili kwa sababu sikuamini.

Alhamisi, 14 Juni

Ya Jumanne nayo yameshika. Yote isipokuwa moja. Nilijua mimi kwamba ni manyunyu tu. Vidole vyangu vilikuwa vimelala, sasa vimeamka.

Jumamosi, 16 Juni

Maua ishirini na manne. Nimeimba shambani leo, na mama mkwe amesikia huko dirishani, akauliza ni nani anayechinjwa.

Mwanangu amepiga simu. Anakuja Jumamosi ya tarehe thelathini. Nikamwambia, "Njoo hata kesho." Akacheka. Nikacheka zaidi yake.

Jumapili, 17 Juni

Yanashika.

Jumanne, 19 Juni

Leo nitaandika yote.

Leo mama mkwe alikataa kuoga. Alisema anahisi baridi, nimfunike nimwache. Kwa hiyo saa nne na dakika chache nilikuwa nimesharudi shambani, saa ambayo siku zote siko. Nikaona kivuli mstari wa tatu. Mstari wangu. Nilidhani macho yananichezea, maana siku hizi kila mbono, mti tunaoupandishia vanila, ukisimama vibaya ni mtu. Nikasogea. Kivuli kikasogea. Alikuwa wifi, ameinama kwenye kichala changu, mkono wake uko kwenye ua langu.

"Unafanya nini hapo?"

Alishtuka akarudisha mkono nyuma ya mgongo.

"Napita."

"Mtu anapita ameinama?"

Nikapiga magoti pale alipokuwa, nikapapasa chini. Maua mawili. Nikashika vikonyo vyake. Ua lililoanguka lenyewe kikonyo chake ni kikavu, kimefunga kama kidonda kilichopona. Haya yalikuwa mabichi, utomvu ukanigandia vidoleni. Yalikuwa yamevunjwa kwa mkono wa mtu, na mtu mwenyewe amesimama mbele yangu.

Basi kila kitu kikajipanga kichwani. Maua yaliyoanguka wiki ya kwanza, na mimi kujilaumu usiku kucha kwamba nimeshakuwa kipofu. Kusimama kwake na ndoo. Maswali yake. Kumbe hakuwa anahesabu tu, alikuwa anaangusha.

Nilimshika mkono nikamvuta mpaka chumbani kwa mama mkwe. Hakujivuta nyuma. Ana nguvu kuliko mimi, angetaka ningebaki na kanga mkononi.

"Mama, nimemkuta binti yako kwenye mistari yangu anavunja maua. Haya hapa."

Nikayaweka juu ya blanketi. Mama mkwe aliyatazama, akamtazama binti yake.

"Umevuka njia?"

"Nimevuka, mama."

"Umevunja?"

"Hayo mawili. Ndiyo."

"Kwa nini?"

Wifi alinitazama mimi, si mama yake. Alinitazama muda mrefu, na mimi nikamkazia macho haya haya mabovu. Kisha akasema, "Sina la kusema, mama."

"Mwizi wa mali ya wengine nimeshamsikia. Mwizi wa maua ya wifi yake ndiyo kwanza namwona, na nimemzaa mwenyewe." Mama mkwe akamnyooshea kidole. "Kuanzia leo mguu wako usikanyage mistari ile. Nikisikia tena, unachukua sanduku lako unarudi kulekule ulikotoka."

"Nimesikia."

Akatoka. Mimi nikabaki nakusanya maua juu ya blanketi. Nimefurahi, na humu sina haja ya kujifanya sikufurahi. Nimekula sahani mbili.

Jumatano, 20 Juni

Maua thelathini na manne, siku kubwa kuliko zote mpaka sasa. Nimeyafungisha yote peke yangu, taratibu, bila mtu wa kunichungulia. Wifi yuko upande wake. Hatusalimiani.

Alhamisi, 21 Juni

Maua ishirini na tisa. Upepo.

Ijumaa, 22 Juni

Ya juzi yameanguka. Nimehesabu kwa magoti, nikivuta mkono juu ya majani makavu kama anayetafuta sindano. Ishirini na saba nimeyapata, mengine nadhani kuku.

Huyu mwanamke hajakoma.

Jumamosi, 23 Juni

Leo nimelinda. Tangu alfajiri mpaka jua la saa sita nimekaa kwenye kigoda mwisho wa mstari wa tatu, mahali ninapoweza kusikia hata mtu akikohoa njiani. Mama mkwe sikumwogesha, ameniita mpaka sauti ikamkauka, kisha akaanza kunitukana kwa kupumzikapumzika. Nimevumilia.

Wifi alifanya kazi yake upande wa pili. Nilisikia kijiti chake kinavyofanya kazi, kimya, kisha hatua moja, kisha kimya. Hakuvuka. Hakugeuza hata kichwa. Saa tano alimaliza, akaenda kumwogesha mama yake yeye. Mimi nikabaki mlinzi wa shamba lisilo na mwizi.

Hakuna aliyegusa maua ya leo ila mimi. Hilo naweza kuapa.

Jumatatu, 25 Juni

Ya Jumamosi yameanguka.

Nilikaa chini pale pale. Halafu nikainuka nikaenda mstari wa pili, mti wa nne kutoka mferejini, kwenye kichala kilichotoa ua la kwanza mwaka huu. Ninayo tarehe yake, niliiandika. Kichala cha vanila hufungua ua moja kwa siku, mara chache mawili, kuanzia shinani kwenda nchani. Ukikisoma vizuri ni kalenda. Nimewafundisha watu wengi kukisoma, na huyo wifi akiwa mmoja wao.

Nikaweka kidole shinani. Tarehe nne, kovu kavu. Tano, kovu. Sita, kovu, na kuendelea mpaka kumi, kovu tupu, isipokuwa ganda moja lililojishikilia kwa bahati yake. Kisha kidole kikapanda kwenye ganda, nene kama penseli. La pili. La tatu. Nikahesabu maganda tisa bila pengo, yakipungua unene kadiri ninavyopanda, la mwisho bado na ua lake lililonyauka. Baada ya hapo kovu, kovu, kovu, kovu.

Tisa. Nikahesabu siku kwa vidole vya mkono wa pili. Kuanzia Jumatatu ya tarehe kumi na moja, siku niliyoyakanyaga maua ili asiyaone, mpaka Jumanne ya tarehe kumi na tisa, siku niliyomburuta mbele ya mama yake.

Nilikwenda kwenye kichala kingine, na kingine. Vyote vinasema lilelile. Karibu maganda yote ya mistari yangu sita yametoka kwenye zile siku tisa. Kabla yake ni kazi yangu, na baada yake ni kazi yangu, na kazi yangu ni makovu.

Nililia. Sikulia kwa ajili ya macho, macho nilishayalilia Februari. Nililia kwa sababu nilikumbuka alivyonitazama pale chumbani.

Nilimkuta chumbani kwake, cherehani iko mbele yake, anapinda pindo la shuka. Hakusimamisha mguu.

"Ulikuwa unarudia kazi yangu," nikasema.

Cherehani iliendelea mpaka mwisho wa pindo. Akakata uzi kwa meno.

"Siku ile uliyosimama juu ya maua, nilijua huoni. Nikawa nakuja ukiingia kumwogesha mama. Nikikuta ua hukulipata, nalifungisha upya kabla halijajifunga. Mengine ulikuwa umeyapata, nisikudhulumu."

"Mangapi?"

"Wifi, usiniulize mangapi."

"Na yale mawili uliyovunja?"

"Vichala viwili vilikuwa vimefungua mawili mawili. Ua la mgongoni mwa kichala linatoa ganda lililopinda. Ulinifundisha mwenyewe kulivunja."

Ni kweli. Nilimfundisha kwa sauti ya juu, na siku hiyo alikosea nikampiga vidole.

"Mbona hukusema mbele ya mama? Ulikubali kuitwa mwizi."

"Ningesema nini? Kwamba huoni? Mistari ingekuwa yangu siku ileile, na mwanao angekuja kukuchukua. Halafu humu ndani ningebaki na nani? Na mama, anayetukana mpaka uji?" Akageuza shuka. "Hata hivyo nilidhani utajua. Nilikupa siku mbili. Zimefika sita."

Nikamwambia nakwenda kwa mama mkwe sasa hivi. Akanizuia kwa neno moja, "Subiri." Akasema mwanangu anakuja Jumamosi. Maganda ya zile siku tisa yanatosha kumridhisha, fundi umeme anajua nini kuhusu vichala. Akishaondoka, ndipo niseme. Siku tano tu. "Mimi nimeshaitwa mwizi, siku tano hazitaniongezea kitu."

Nimekubali. Naandika hapa kwamba nilikubali haraka.

Jumanne, 26 Juni

Maua thelathini na moja. Nimeyafungisha kwa sababu mtu hawezi kukaa tu akayatazama.

Jumatano, 27 Juni

Mama mkwe hamruhusu wifi kumlisha. Anasema mkono ule haujui mali ya mtu. Wifi alinipa bakuli la uji mlangoni bila kunitazama, nikaingia nalo mimi.

Alhamisi, 28 Juni

Yameanguka ya Jumanne. Mate yangu machungu.

Ijumaa, 29 Juni

Mara mbili leo nimefika mlangoni kwa mama mkwe na maneno mdomoni, mara mbili nimegeuka. Nafikiria kochi la ghorofa ya nne. Nafikiria na yeye pale kwenye cherehani, anavyokanyaga bila kusema. Mimi niliyekuwa nasema wifi yangu hana maneno, sasa ndiye ninayetafuta yangu siyapati. Kesho mwanangu.

Jumamosi, 30 Juni

Amefika saa tatu na mfuko wa machungwa. Nikamtembeza mistari yote sita. Miguu yangu inaujua kila mbono, hakuna aliyeweza kujua. Aliinama, akashika maganda, akayapima kwa kiganja kama nyaya.

"Mama, haya ni mengi."

"Ni mengi."

"Basi nilikuonea bure. Uko vizuri." Akanikumbatia bega. "Sitasema tena habari za mizigo."

Nilikuwa nimepata nilichokuwa nakitaka tangu Machi, na hakikuwa na ladha yoyote.

Chakula cha mchana tulikula chumbani kwa mama mkwe ili naye awemo. Wifi aliingia na sahani yake, akavuta kigoda. Mama mkwe akasema, "Wewe kale jikoni. Mtu wa kuvunja maua ya mwenzake hali nasi." Wifi hakubisha. Aliinua sahani yake akaenda, akasimama mlangoni kidogo kwa sababu mwanangu alikuwa ameshamshika mkono.

"Shangazi kafanya nini?"

"Muulize mama yako," akasema mama mkwe.

Wote wakanigeukia. Nyuso tatu, na mimi sikuuona hata mmoja sawasawa, ila wa mlangoni niliujua. Wifi alikuwa ananitikisia kichwa, polepole, ninyamaze.

Nikaweka kijiko chini.

"Shangazi yako hakuvunja kitu," nikasema. "Mimi sioni. Tangu Februari. Maganda uliyoyashika asubuhi ni ya mkono wake. Alikuwa anavuka kila siku kurekebisha ninachoharibu, nami nikamkamata, nikamwita mwizi, na yeye akakubali ili nisifukuzwe. Tangu azuiwe, mistari yangu haijashika hata maua kumi. Na nimejua hivyo tangu Jumatatu, nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa unakuja."

Kulikuwa na inzi juu ya machungwa. Nilimsikia.

Mama mkwe ndiye aliyesema kwanza. Sauti yake haikuwa ya matusi, na hilo liliniumiza zaidi.

"Siku ile ya kugawa nilisemaje?"

"Atakayeshindwa, mistari yake inakwenda kwa mwenzake."

"Nilisema na nini tena?"

"Kwamba hutaki kuliliwa."

"Basi usilie. Mistari si yako."

"Si yangu, mama."

Mwanangu akasimama. Alikuwa na uso wa mtu aliyedanganywa na mama yake, nami sina cha kumlaumu. "Tutafunga mizigo leo," akasema. "Kesho tunaondoka na basi la asubuhi. Jumatatu hospitali ya macho, na baada ya hapo unakaa kwangu. Basi, Mama. Basi."

"Sawa," nikasema.

Wifi alikuwa bado mlangoni na sahani yake.

"Mama," akasema. "Mistari yote kumi na miwili ni yangu?"

"Si umesikia."

"Na nani aingie, nani asiingie, nasema mimi?"

"Nani tena?"

Akaingia. Akaweka sahani mezani katikati yetu, akavuta kigoda, akakaa.

"Kijana, mizigo iache. Maua yamebaki wiki tatu, na mimi nina mikono miwili. Namtaka huyu."

"Shangazi, haoni."

"Haoni pazia. Kichala anakijua gizani kuliko mimi kwenye jua. Atatangulia kunitafutia na kunishikia, mimi nitainua na kubonyeza. Maua yakiisha utakuja kumchukua umpeleke akatibiwe macho. Na siku ya kumrudisha hapa nitakutajia mimi, si wewe."

Mwanangu alimtazama bibi yake. Bibi yake alikuwa anatafuna.

Kisha wifi akanigeukia, na nilidhani sasa atasema neno la kunipoza. Nilikuwa nimeshamwandalia shukrani.

"Na wewe usidhani nimesahau," akasema. "Siku sita ulipita mbele ya mlango wangu hunisalimii, na siku tano ukanisikia natukanwa. Hayo tutayazungumza, lakini si leo. Kesho saa kumi na mbili uwe mstari wa kwanza. Ukichelewa, rudi ulale."

Jumapili, 1 Julai

Nilifika saa kumi na moja na nusu, kabla hakujapambazuka, nikasimama pale nikamsubiri. Alipokuja hakunisalimia. Aliweka ndoo chini, akauliza tuanzie wapi, nami nikamwekea kichala cha kwanza mkononi.